Igizo Likiisha, Kazi Ndiyo Inaanza

Mbukwenyi, wapenzi wasomaji! Kama wewe si mwenyeji wa Dodoma, usishangae. Hiyo ni salamu ya Kigogo, na katika somo la leo tunakupeleka Ugogoni.

Hebu vuta picha hii. Uko Ipagala, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Ni Jumamosi, saa kumi jioni. Jua limeanza kupoa na upepo unapeperusha vumbi uwanjani. Mara unasikia ngoma. Siyo redio, ni ngoma yenyewe. Gari dogo limesimama chini ya mti, na vijana saba au nane wanashusha ngoma, mkeka, viti viwili na sanduku la nguo. Watoto wanakimbilia huko. Mama muuza karanga anasogeza meza yake. Kijana wa bodaboda anazima pikipiki ili aone vizuri. Baada ya nusu saa watu wamejaa na mduara umejipanga wenyewe.

Kikundi cha sanaa kimekuja.

Utacheka, utapiga makofi, na pengine utafuta chozi kwa siri. Saa kumi na mbili gari litaondoka. Sasa swali letu ni hili: gari likishaondoka, Ipagala inabaki na nini? Kama kinabaki kicheko tu, si haba, maana kicheko nacho ni dawa. Lakini viko vikundi vilivyoacha kitu kikubwa zaidi. Katika somo hili tutaona viliwezaje, na wewe mwanafunzi unaingiaje.

KIKUNDI KINACHOTEMBEA NI KITU GANI?

Kikundi kinachotembea hakingoji watu waje ukumbini. Kinawafuata walipo: kwenye viwanja vya shule, minadani, nje ya zahanati, hata chini ya mbuyu.

Wazazi wako huenda wanakumbuka vikundi vikubwa vya miaka ya 1980 na 1990. Kulikuwa na Muungano, kilichoongozwa na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, yaani TOT, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya John Komba. Vikundi hivyo vilizunguka mikoani, na onyesho moja lilikuwa na kila kitu: ngoma, kwaya, vichekesho, maigizo, taarabu na sarakasi. Watu walilipa kiingilio, wakajaza kumbi na baa, wakarudi nyumbani wakiimba. Hiyo ilikuwa burudani ya kweli.

Lakini kuna aina nyingine ya kikundi. Mara nyingi huwa kidogo, hakitozi kiingilio, na huja na jambo la kujadili: afya, elimu, maji, ndoa za utotoni, UKIMWI. Hiki ndicho tunachokizungumzia leo.

Kwa nini jambo la afya lipewe waigizaji badala ya daktari na kipaza sauti chake? Ziko sababu nne.

Kwanza, igizo linasema lugha ya watu. Daktari akisema "maambukizi", mwigizaji anamwonyesha mama, mtoto na nzi.

Pili, halidai kujua kusoma wala kuwa na umeme nyumbani. Bibi yako na mdogo wako wa darasa la kwanza wote wanaelewa.

Tatu, watu wote wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kipeperushi unakisoma peke yako na kukificha kwenye daftari. Igizo umeliona wewe, kaliona baba yako, kaliona mwalimu na mwenyekiti wa mtaa. Kesho hakuna atakayesema, "Mimi sijui habari hizo."

Nne, na hii ndiyo kubwa, mhusika wa igizo anaweza kusema neno ambalo wewe huwezi. Kwa heshima zetu, binti hawezi kusimama mbele ya wazee na kusema, "Baba, mnaniharibia maisha." Ataonekana hana adabu. Lakini mhusika akilisema, wazee wanalisikia na hakuna aliyevunjiwa heshima yake.

DODOMA SI MGENI WA MAMBO HAYA

Usidhani sanaa hii ililetwa Dodoma na miradi. Wanawake wa Kigogo wamepiga ngoma ya muheme tangu zamani, wamezibana ngoma zao katikati ya magoti, na katika nyimbo waliwafundisha mabinti mambo ya utu uzima. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, alizunguka dunia na zeze na ilimba zake. Aliwahi kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Alifariki mwaka 2003.

Na wewe mwenyewe bila shaka umewahi kukariri ngonjera kwenye mahafali au siku ya kitaifa. Basi jua kwamba aliyeijengea ngonjera jina alikuwa mtu wa hapa hapa. Ni Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 pande za Ihumwa, si mbali na mjini Dodoma. Aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea katika shule na mikutano nchi nzima. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971.

Ngonjera ni shairi la majibizano. Huyu anauliza, yule anajibu. Huyu anapinga, yule anatetea. Ni sanaa safi sana, inafundisha kusikiliza na kujibu kwa hoja.

Ila ngonjera nyingi za shuleni zina kasoro moja, na tuiseme bila woga. Mara nyingi mmoja ni mjinga na mwenzake ni mwerevu. Mjinga anabishabisha, mwerevu anamweleza, na beti za mwisho mjinga anasema, "Sasa nimeelewa!" Wote wanapiga makofi. Jibu lilishaandikwa kabla hata watazamaji hawajafika. Je, maisha yako yanakwenda hivyo? Ukiambiwa "acha" unaacha hapo hapo? Thubutu!

Maigizo mengi ya afya yalirithi kasoro hiyo hiyo.

WAIGIZAJI WALIOFUNDISHWA NA WATAZAMAJI

Si sisi tu tuliojikwaa hapo. Ngoja tutoke kidogo nje ya Afrika, tutarudi sasa hivi.

Nchini Brazil, miaka ya 1960, mwongozaji wa maigizo Augusto Boal alitembea na kikundi chake vijijini kwa wakulima maskini. Katika igizo, waigizaji walinyanyua bunduki na kuimba kwamba ni lazima kumwaga damu ili kupata ardhi. Mkulima mmoja akaguswa sana. Akawafuata akasema: vizuri, njooni na hizo bunduki zenu, tukale chakula, kisha twende tukapigane pamoja. Waigizaji wakaona haya. Wakamweleza kwamba bunduki ni za bandia. Mkulima akajibu kwamba hilo halina taabu, wao wana za kweli. Ikabidi wakiri kwamba hata wao wenyewe hawakuwa tayari kupigana.

Boal hakulisahau jambo hilo. Alijiuliza: nina haki gani kumshauri mtu afanye jambo ambalo mimi mwenyewe sitalifanya?

Miaka michache baadaye, nchini Peru mwaka 1973, mama mmoja kati ya watazamaji alitoa ushauri wa namna ya kumaliza igizo. Waigizaji wakajaribu, mama akasema sivyo. Wakajaribu tena, sivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda. Kuanzia hapo mtazamaji akapewa ruhusa ya kuingia ndani ya igizo na kubadilisha mambo. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, na sisi tunaiita sanaa shirikishi.

KWANZA SIKILIZA: FUNZO LA KONGWA

Haya, turudi Dodoma. Wilaya ya Kongwa ilijulikana sana kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria. Unaenea kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye tongotongo za watoto. Mtu akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, kope hugeukia ndani, zinakwaruza jicho, na mwisho wake ni upofu. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio hukaa na watoto wadogo muda wote.

Kinga mojawapo ni rahisi: mtoto anawishwe uso. Sasa mtu angeweza kuandika igizo la dakika kumi, mama mchafu na mama msafi, mwisho wote waimbe "Tunawe uso!" Kazi imekwisha, turudi mjini.

Watafiti waliofanya kazi Kongwa kuanzia miaka ya 1980 walikaa na watu, wakasikiliza. Wakakuta kwamba kina mama hawakuwa wakipenda uchafu. Maji yalikuwa mbali, kazi zilikuwa nyingi, na watu waliamini kwamba kunawisha watoto kunahitaji maji mengi. Isitoshe, matumizi ya maji hayakuwa uamuzi wa mama peke yake. Kwa hiyo mazungumzo yakawa ni ya familia nzima, pamoja na kuonyeshana kwa vitendo kwamba kunawa uso kunataka maji kidogo tu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika vijiji sita vya Kongwa. Vijiji vyote vilipata dawa ya macho, lakini vitatu vilipata pia kampeni ya kunawa uso. Watoto waliodumu na uso safi walikuwa na nafuu kubwa zaidi dhidi ya vikope vikali.

Unaona tofauti? "Nawa uso" ni amri. "Kitu gani kinakuzuia kunawa uso?" ni swali. Kikundi cha sanaa kizuri huanza na swali.

MALYA: KIKUNDI KILICHOKAA

Mfano mkubwa katika nchi yetu ni wa kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Mwaka 1982 hadi 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda huko. Kati yao walikuwa Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Jina la Penina Muhando unalijua, ndiye mwandishi wa tamthilia za Hatia na Lina Ubani.

Hawakwenda na igizo mfukoni. Walikwenda kuishi na watu kwanza. Waliongea nao, wakauliza: hapa kwenu, jambo gani linawaumiza? Mojawapo ya mambo yaliyojitokeza lilikuwa zito: wasichana wa shule kupata mimba.

Baada ya hapo vijana na wanakijiji wenyewe wakatunga. Hawakuiga maigizo ya Kizungu, walitumia sanaa zao, kama wigashe, ngoma ya Kisukuma inayochezwa watu wamekaa. Kisha wakaonyesha mbele ya kijiji, na onyesho likafuatwa na mjadala. Jambo ambalo siku zote husemwa kwa kunong'ona likasemwa uwanjani, mchana kweupe, vijana na wazee wakiwa pamoja.

Njia hiyo ina hatua ambazo unaweza kuzikariri kama za maabara:

1. Kukaa na watu na kuwafahamu.
2. Kutafuta tatizo pamoja nao.
3. Kulichambua: chanzo ni nini, nani anaumia, nani ananufaika?
4. Kutunga kwa kutumia sanaa za mahali pale.
5. Kuonyesha.
6. Kujadili na kukubaliana nini kifanyike na nani.
7. Kufuatilia kama kimefanyika.

Vikundi vingi vinafanya hatua ya 4 na ya 5 tu. Ndiyo maana gari likiondoka, hakuna kinachobaki.

Mwaka 1996 wataalamu wa chuo kikuu hicho hicho walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari. Humo wasichana wenyewe walitafuta matatizo yanayowazuia kusoma, wakayachambua, wakayaigiza mbele ya walimu na wenzao, na kudai yashughulikiwe. Baadaye shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana, liliueneza katika nchi nyingine za Afrika. Jina lake linatosha kueleza: tuseme!

TUJARIBU: IGIZO LA "LIFTI"

Sasa turudi uwanjani Ipagala. Igizo hili fupi tumelitunga sisi kwa ajili ya somo.

(Barabarani, mchana baada ya masomo. MWANAFUNZI anatembea na begi lake. KAKA anapunguza mwendo wa pikipiki.)

KAKA: Mambo, mdogo wangu? Panda nikufikishe, jua lote hili.

MWANAFUNZI: Asante kaka, leo sina nauli.

KAKA: Nani kakuambia nauli? Wiki nzima nimekubeba, nimekudai?

MWANAFUNZI: Hujanidai.

KAKA: Na chipsi za jana, nilikudai?

(MWANAFUNZI kimya.)

KAKA: Basi leo tunapitia kwangu mara moja. Dakika tano tu.

Mwezeshaji anapiga filimbi. Pii! Waigizaji wanaganda kama sanamu. Anawageukia watazamaji: "Jamani, hapa tunafanyaje?"

Msichana mmoja anapaza sauti: "Akatae!" Mwezeshaji anamwambia, "Haya, njoo ukatae." Anaingia mahali pa MWANAFUNZI na kusema kwa ukali, "Sitaki!" Lakini mwigizaji wa KAKA naye yumo kazini: "Sawa. Nipe basi hela ya wiki nzima. Au niende kwa baba yako nikamwambie kila siku unapanda pikipiki yangu?" Msichana anakwama. Uwanja unanyamaza. Kumbe "akatae" si neno jepesi kama lilivyo kwenye bango.

Mvulana wa kidato cha tatu anaingia: "Tutembee kwa makundi, sisi wa njia moja." Wanaigiza. KAKA anapita na pikipiki yake bila kusimama. Hapo nafuu ipo. Lakini dada mmoja anauliza: "Na anayekaa mwisho kabisa, wenzake wakishaingia makwao?"

Mama muuza karanga naye anainuka. Anaingia kama mama mzazi. Anaanza kwa kufoka: "Wewe mtoto, pikipiki ya nani hiyo?" Mwigizaji wa MWANAFUNZI anajikunyata na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mama... hakuna kitu." Mwezeshaji anamgeukia yule mama: "Umeuona mdomo wake ulivyofunga?" Mama anafikiri. Anaanza upya. "Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Nani anakusumbua huko njiani?" Safari hii binti anasema yote.

Mwisho kabisa, yule kijana wa bodaboda aliyezima pikipiki yake naye ananyosha mkono. "Mimi nasema ukweli. Kijiweni kwetu, mwenzetu wa namna hii tunamjua. Tunacheka tu." Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Swali linahama kutoka "binti afanye nini?" na kuwa "sisi sote tunafanya nini?" Kijiwe kinaweza kukubaliana kumripoti mwenzao. Wazazi wanaweza kupanga zamu ya kuwasindikiza wa mbali. Walimu wanaweza kuwaruhusu mapema wanaokaa mbali.

Angalia, hakuna aliyehubiri. Watu wamefikiri kwa miguu yao.

HAYA USIYABAHATISHE

Mjadala ukinoga, kila mtu anakuwa mtaalamu. Kwa hiyo kikundi kizuri huja na ukweli uliohakikishwa. Mambo haya yaandike kwenye daftari:

Sheria. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanasema anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kisingizio cha "tulipatana" hakimwokoi.

Shule. Tangu Novemba 2021, kwa waraka wa Wizara ya Elimu, mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi shuleni. Mimba si mwisho wa masomo. Ukimjua mwenzako aliyekata tamaa, mpe habari hii.

Hospitali. Mtu akilazimishwa, afike kituo cha afya haraka, asingoje kesho. Ipo dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, lakini lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo bora. Ipo pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo hutolewa ndani ya siku tano, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa. Asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa, ni ushahidi. Na wavulana pia hufanyiwa ukatili. Matibabu ni yale yale, na si aibu.

Simu. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Unaweza kupiga kwa ajili yako au kwa ajili ya mwenzako.

KIKUNDI KIKIJA KWENU, KIPIME HIVI

Je, kimeuliza watu wa hapa kabla ya kutunga, au kimekuja na igizo lile lile lililochezwa mkoa mwingine?

Je, maskini na mwanakijiji anaonyeshwa kama mjinga wa kuchekwa? Mlemavu je?

Je, msichana ndiye anayelaumiwa peke yake kila siku?

Je, kimeacha nafasi ya mjadala, na wasichana wamepewa nafasi ya kusema, au wamesema wanaume watupu?

Je, kuna mtu wa afya wa kujibu maswali ya kitaalamu?

Je, kabla ya kuondoka kuna makubaliano, na kuna mtu wa kuyafuatilia?

Kama majibu mengi ni hapana, usikae kimya. Nyosha mkono uulize. Waigizaji wazuri hupenda watazamaji wasumbufu.

FANYENI WENYEWE

Msingoje gari. Watu wanane wa klabu ya shule wanatosha. Gharama? Kanga mbili, ndoo ya plastiki ya kupiga kama ngoma, filimbi ya mwalimu wa michezo. Basi.

Mwombeni mwalimu mlezi, kisha wiki ya kwanza msiigize chochote. Sikilizeni tu. Waulizeni wenzenu, wapishi wa shule, wazazi. Wekeni boksi la maswali yasiyo na majina. Wiki ya pili chagueni tatizo moja, moja tu, mlichambue. Tungeni onyesho la dakika kumi linaloishia pabaya, pale ambapo mtu lazima aamue. Msiandike jibu. Wiki ya tatu onyesheni na mjadili. Wiki ya nne rudini mwulize: tulikubaliana hivi, imefikia wapi?

Lakini kuna miiko mitatu. Wa kwanza: msiigize kisa cha mtu anayejulikana, hata mkibadilisha jina. Ipagala ni ndogo kuliko unavyofikiri, watu watamtambua tu, na mtakuwa mmemuumiza mara ya pili. Changanyeni visa vingi kuwa kimoja. Wa pili: asilazimishwe mtu kueleza yaliyompata mbele ya watu. Wa tatu: igizo linaweza kumgusa mtazamaji kwenye kidonda chake. Ukimwona mwenzako anaondoka analia, mfuate taratibu, umsikilize, na mumtafute mtu mzima mnayemwamini. Siri yake usiifanye hadithi ya bwenini.

MAANA YA MANENO

Mwezeshaji: anayeongoza mjadala kati ya waigizaji na watazamaji.
Ngonjera: shairi la majibizano kati ya watu wawili au zaidi.
Sanaa shirikishi: sanaa ambayo watazamaji nao wanaingia na kutoa njia.
Vikope: ugonjwa wa macho uitwao pia trakoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini neno "Akatae!" halikutosha katika igizo la "Lifti"?
2. Mama muuza karanga alijifunza nini alipoanza upya? Nyumbani kwenu nani anaweza kukusikiliza hivyo?
3. Chagua tatizo moja la afya shuleni kwenu. Liandike kwanza kama amri, kisha liandike kama swali. Lipi lingewafanya watu wazungumze?
4. Taja jambo moja ambalo watu wa mtaa wenu wanalijua lakini "wanacheka tu".

Basi msomaji, siku ukisikia ngoma uwanjani, nenda. Cheka sana, piga makofi. Lakini wakati wenzako wanaanza kukung'uta vumbi na kuondoka, wewe baki. Mwezeshaji akiuliza, "Jamani, hapa tunafanyaje?", huo ndio wakati wako. Pengine katika mduara ule yupo binti aliyepanda pikipiki asubuhi ya leo, na anangoja kusikia kama kuna mtu atasema.